Nuru Isipotee Njiani: Ushauri kwa Wachapaji wa Skrini wa Garissa

Swali ambalo wachapaji wa skrini wa Garissa huliuliza aghalabu, wakisha kuachana na jua au na taa ya zamani na kuingia katika taa za LED, ni wati ngapi wanunue ili skrini iive upesi. Nami, maadamu swali hilo limenijia kwa namna nyingi kutoka kwa watu waijuao kazi yao, naona heri nilijibu kwa kituo, kwa kuwa jibu lake halimo katika wati. Taa nyingi zilizomo madukani hivi sasa zina nuru ya kutosha pale inapozaliwa. Kinachopungua ni nuru ifikayo. Baina ya kijiwe cha LED na tabaka la emulsheni pana safari fupi, isiyozidi urefu wa mkono, na katika safari hiyo nuru huliwa na joto, huliwa na pembe, huliwa na kioo na vumbi, na huliwa hata na rangi ya mbavu za sanduku la kuangazia, hata ifikapo kazini imebaki sehemu haba ya ile iliyotoka. Mwenye birika lenye nyufa haanzi kwa kuomba mvua kubwa zaidi.

Kazi yenyewe si haba katika nchi hii. Fulana za mashule na za mashindano ya mpira, beji za vyuo, mifuko ya wafanyabiashara, mabango ya msimu wa uchaguzi, na fulana za mashirika yanayohudumu katika kambi za Dadaab tangu mwaka 1991, zote hupitia juu ya skrini iliyonyooshwa kwenye fremu na kuangaziwa. Na ijapokuwa Garissa ina kituo cha umeme wa jua cha megawati 50, kilichozinduliwa mwezi Desemba mwaka 2019, mwenye duka hununua tokeni kama watu wengine, na umeme ukikatika huendesha kazi yake kwa inveta na betri. Ama ndugu zetu wa Wajir na Mandera, wao kwa miaka mingi wametegemea mitambo ya dizeli iliyo mbali na gridi ya taifa. Kwa watu wa hali hii, kuongeza wati ili kufidia nuru inayopotea ni gharama juu ya gharama.

Nisemalo hapa lina ukoo mrefu. Alois Senefelder wa Bavaria alipogundua mwaka 1796 jinsi ya kuchapa kwa jiwe lililochorwa kwa mafuta, alifungua mlango ambao baadaye ulipitiwa na nuru yenyewe, ikawa ndiyo mchoraji. Na hii leo vijisahani vya silikoni vinavyoendesha simu zetu huchorwa kwa njia hiyo hiyo, yaani kwa tabaka jembamba liathirikalo kwa nuru, na kivuli cha picha kilichowekwa juu yake. Hapa Kenya kazi hiyo ya silikoni inafanywa na Semiconductor Technologies Limited iliyoko katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri. Baina ya chumba chao kisichoingia vumbi na sanduku la mbao la mchapaji wa Garissa kuna tofauti kubwa ya udogo wa mistari, lakini kanuni ni moja. Nuru iwe ya wimbi linalolingana na kemikali; iwe ya kipimo kinachotosha; na ifike kwa pembe isiyoharibu kivuli. Mwenye kuyashika matatu hayo ameishika kazi yote.

Kipimo nacho ni hesabu nyepesi. Nguvu ya nuru juu ya emulsheni hupimwa kwa miliwati katika kila sentimita ya mraba, na ukiizidisha kwa sekunde unapata milijuli. Emulsheni inayotaka milijuli 300 itaiva kwa sekunde 30 ikiwa taa inafikisha miliwati 10, na kwa dakika nzima ikiwa inafikisha miliwati 5. Basi mtu aliyepoteza nusu ya nuru njiani amepoteza nusu ya muda wake katika kila skrini, maisha yake yote ya kazi.

Kabla sijaingia ndani ya sanduku, nataka nilitetee jua kidogo, maana vijana wamelidharau upesi mno. Garissa iko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta, na mwezi wa Machi na wa Septemba jua la adhuhuri husimama karibu utosini. Kadiri ya miali ya urujuanimno ya aina ya karibu, ile inayofaa kwa emulsheni, hufika miliwati 5 au 6 kwa sentimita ya mraba katika adhuhuri safi, na duara la jua angani halizidi nusu digrii, ndiyo kusema miali itokayo kwenye jua lenyewe hushuka ikiwa takriban sambamba, jambo ambalo viwanda hulinunua kwa fedha nyingi. Ila jua halifiki peke yake: sehemu kubwa ya urujuanimno hutawanywa na hewa, ikashuka kutoka pande zote za mbingu, nayo ndiyo inayopenya chini ya kivuli na kukila. Anayelazimika kutumia jua, siku umeme umekatika na betri zimekwisha, na atengeneze bomba la mraba la mbao au kadibodi lenye kimo cha mara mbili au tatu ya upana wa skrini, alipake rangi nyeusi isiyong'aa ndani, kisha alielekeze kwenye jua kwa kutazama kivuli chake. Skrini itachukua muda mrefu zaidi, lakini ukingo wa herufi utatoka mkali. Namna hii nuru iliyozuiwa imefanya kazi ya manufaa kuliko iliyoruhusiwa, na jambo hilo tutalikuta tena mara nyingi humu.

Tuje kwenye taa. La kwanza kulihakiki ni wimbi. LED za kazi hii huuzwa kwa mawimbi ya nanomita 365, 385, 395 na 405, na kila emulsheni ina upeo wake wa kuonea: zile za dayazo huitika vizuri chini kidogo ya 400, na zile zilizotengenezwa mahsusi kwa LED huitika kwa wepesi hata kwenye 395 na 405. Nuru isiyoonwa na emulsheni ni hasara tupu, hata ikiwa nyingi namna gani, kwa hiyo kabla ya kununua taa omba karatasi ya maelezo ya emulsheni yako, utazame mchoro wa wimbi lake. Na hadhari na mikanda ya bei rahisi iliyoandikwa 365 ilhali ni 395 au zaidi. Iwashe katika chumba cha kiza, ukiitazama kutoka ubavuni, na miwani ya kinga usoni, uone jinsi inavyoangukia karatasi isiyong'aa kwa dawa: ya 395 hadi 405 huonekana zambarau kali, na ya 365 ya kweli huonekana hafifu sana, kama iliyopauka, kwa sababu jicho la mwanadamu karibu halina habari nayo. Kwa skrini za nguo, mimi humshauri mtu achukue 385 hadi 405 pamoja na emulsheni inayozikubali, kwani vijiwe vya mawimbi hayo hugeuza sehemu kubwa zaidi ya umeme kuwa nuru, hudumu zaidi, na vioo vya kawaida haviyazuii sana.

Sasa joto, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwani katika nchi ya digrii 38 kivulini jambo hili lina uzito kuliko lilivyo katika vitabu vilivyoandikwa mahali pa baridi. LED haitoi joto mbele kama balbu. Joto lake hubaki nyuma, katika kijiwe chenyewe, na lisipoondolewa nuru hupungua palepale, rangi yake husogea kidogo kuelekea wimbi refu, na umri wake hufupika. Chukua taa ya wati 100 inayogeuza asilimia 40 kuwa nuru: wati 60 zinabaki kuwa joto. Ikiwa kipande cha alumini chenye mapezi kilichofungwa nyuma yake, wanachokiita mafundi hitisinki, hupanda nusu digrii kwa kila wati, basi kitapanda digrii 30 juu ya hewa inayokizunguka. Hewa hiyo ikiwa ya digrii 22 pale Limuru, alumini itafika 52; ikiwa ya 38 hapa kwetu, itafika 68; na ikiwa sanduku limefungwa pande zote na hewa ya ndani imekwisha pata 50, itafika 80, na kijiwe chenyewe kitakuwa na joto zaidi ya hapo. Taa ni ile ile na umeme ni ule ule, ila nuru si ile.

Nimeliona sanduku moja ambalo mkanda wa LED ulibandikwa kwa gundi yake juu ya plaiwudi, safu kwa safu, kazi safi ya mikono iliyotulia. Plaiwudi haipitishi joto. Baada ya dakika mbili ukigusa mkanda unaurudisha mkono, na ukiitazama nuru kwa kipimo unaiona ikishuka taratibu tangu kuwashwa, hata skrini ya asubuhi na skrini ya alasiri zikawa haziivi kwa muda mmoja, na mwenye sanduku akawa analaumu emulsheni. Dawa yake ilikuwa bamba la alumini la milimita 3 chini ya mkanda wote, grisi ya joto iliyopakwa nyembamba, na feni mbili ndogo: moja ivute hewa kutoka nje karibu na sakafu, kwenye kivuli, kupitia kitambaa cha kuzuia vumbi, na nyingine iitoe juu. Hewa ipite nyuma ya taa, isipite baina ya taa na kioo, kwani huko italeta vumbi mahali pabaya kuliko pote. Kadhalika, taa iwashwe tu wakati wa kuangazia. LED haina haja ya kupashwa moto kama ilivyokuwa taa ya zebaki, na kuiacha ikiwaka baina ya skrini mbili ni kuipika bure.

Lipo na jambo la mkondo. LED ikisukumwa kwa mkondo mkubwa, hutoa nuru nyingi zaidi lakini kwa uwiano mbaya zaidi. Vijiwe viwili vilivyoendeshwa kwa nusu mkondo hutoa nuru kuliko kijiwe kimoja kilichoendeshwa kwa mkondo kamili, na joto lake hugawanyika. Kwa sanduku la skrini, ambalo nafasi ni kubwa, hii ndiyo njia ya kufuata: vijiwe vingi, mkondo mdogo, na draiva inayotoa mkondo usiobadilika. Umeme wetu hupanda na kushuka, na mkanda unaotegemea rizista pekee hupanda na kushuka nao, kwa hiyo hata ukiujua muda wako leo, kesho hautakufaa.

Nafika sasa kwenye pembe, ambapo ndipo penye siri ya kazi yote. Ibn al-Haytham, aliyeandika Kitab al-Manazir huko Misri mwanzoni mwa karne ya 11, alionyesha kwa taa na chumba cha kiza kwamba nuru hwenda kwa mstari ulionyoka. Na kutokana na kweli hiyo moja mchapaji anaweza kujua kwa nini herufi zake nyembamba huziba. Tazama beji ya shule yenye picha ya ngamia, ambayo mkia wake ni mstari wa nusu milimita. Filamu imelazwa juu ya emulsheni, lakini haikugusa sawasawa, pamebaki pengo la hewa la robo milimita. Mwali ushukao wima hupita kando ya mkia na kuacha kivuli kamili. Mwali ujao kwa pembe ya digrii 45 hupenya chini ya ukingo wa mkia kwa robo milimita nzima. Na mwenziwe ajaye kutoka upande wa pili hupenya robo milimita nyingine. Robo na robo ni nusu: mkia wote umeangaziwa, emulsheni yake imekuwa ngumu, na maji ya kusafishia hayatafungua kitu. Ngamia anatoka bila mkia, na mchapaji anapunguza muda ili apate mkia, kisha emulsheni isiyoiva inachubuka pembeni baada ya fulana chache.

Kwa hiyo si kila nuru ifikayo ni ya faida. LED isiyo na lenzi humwaga nuru yake pande zote za mbele, na kanuni yake ni hii: sehemu iliyomo ndani ya nusu-pembe ya digrii 30 ni robo tu ya yote, ndani ya digrii 45 ni nusu, na ndani ya digrii 60 ni robo tatu. Ukiweka lenzi mbele ya kila kijiwe unaweza kuikusanya ile iliyokuwa ikienda pembeni na kuielekeza chini, nayo ni faida mara mbili, ya wingi na ya ukali wa picha. Ila maumbile yameweka mpaka ambao hakuna fundi wala kiwanda kinachoweza kuuvuka. Eneo la chanzo cha nuru likizidishwa kwa uwazi wa pembe yake haliwezi kupunguzwa na lenzi yoyote. Ukitaka pembe iwe nyembamba, lazima boriti ya nuru iwe pana. Kijiwe cha milimita moja ya mraba, ukitaka nuru yake yote itoke ndani ya nusu-pembe ya digrii 3, kinadai lenzi ya eneo lisilopungua milimita za mraba 365, yaani kama milimita 19 kwa 19. Anayekuuzia lenzi ya milimita 10 kwa 10 na kukuahidi digrii 3 kwa kijiwe hicho, ama anatupa nuru nyingi kando, ama anazungumza pembe ya katikati tu, kwa kuwa eneo hilo haliwezi kushuka chini ya takriban digrii 6 bila hasara.

Kutokana na hilo yafuata mambo mawili ambayo yangewaokolea watu fedha. La kwanza, kuweka vijiwe vinne mahali pa kimoja chini ya lenzi ile ile hakukupi nuru mara nne ndani ya pembe ile ile. Pembe inatanuka mara mbili, na mkia wa ngamia uko pale pale. Ukitaka kuongeza, ongeza vijiwe pamoja na lenzi zake. La pili, palipo na haja ya boriti nyembamba na yenye nguvu, kama katika mashine za kuchora moja kwa moja kwa projekta, chagua kijiwe kidogo kinachosukumwa kwa nguvu na kupozwa vyema, kinyume cha ushauri niliotoa juu ya sanduku la skrini. Mambo haya hayapingani: sanduku lina nafasi ya kupokea chanzo kipana, projekta haina.

Lenzi ziwe za kioo au za silikoni safi. Plastiki nyingi za wazi, hasa polikaboneti, huimeza miali ya urujuanimno na kugeuka njano, na akriliki ya kawaida hutiwa dawa ya kuizuia makusudi. Kwa 405 utaponea, kwa 365 umejinunulia kizuizi.

Umbali wa taa na kioo nao hutazamwa kwa nafasi iliyopo baina ya kijiwe na kijiwe. Ukiwa mdogo kuliko nafasi hiyo, skrini itatoka na milia, pengine imeiva na pengine haikuiva. Ukiwa mara moja na nusu hadi mara mbili yake, nuru ya vijiwe visivyo na lenzi huchanganyika ikawa sawa. Zaidi ya hapo unapoteza kingoni bila sababu, isipokuwa mbavu za sanduku ziirudishe.

Na mbavu hizo ndizo zilizokosewa na wengi. Wachapaji huzipaka rangi nyeupe, kwa dhana kwamba cheupe hurudisha nuru. Rangi nyeupe ya dukani hupata weupe wake kwa titani dayoksidi, nayo huanza kuimeza nuru pale jicho letu linapokoma kuiona, hata kwa 365 ukuta mweupe ni kama mweusi. Na kwa mawimbi ya juu kidogo, kile kinachorudi hutawanyika pande zote, kikaongeza miali ya mshazari tuliyotoka kuilaumu. Alumini hurudisha takriban asilimia 90 ya miali hiyo, tena bila kuibadilisha pembe: mwali ulioshuka kwa digrii 20 hurudi kwa digrii 20, almuradi bamba limesimama wima sawasawa. Basi zivike mbavu zote nne alumini laini, isiyokunjika, kutoka kwenye taa hadi kioo, na kingo za skrini zitapata nuru kama vile safu za taa zimeendelea nje ya sanduku. Karatasi ya alumini ya jikoni inafaa ikinyooshwa; bora kuliko hiyo ni mabamba ya ofseti yaliyokwisha kutumika, ambayo karakana za uchapaji za Nairobi huyauza kama chuma chakavu, ukiuelekeza ndani upande wa nyuma ambao haukukwaruzwa. Kioo cha kujitazamia usikitumie, kwani nuru hupita katika kioo mara mbili kabla ya kurudi.

Tukitoka kwenye mbavu tuje juu. Kioo cha kulazia skrini hurudisha asilimia 4 ya nuru katika kila uso wake, hiyo ni 8 kabla hujaanza hesabu, na kioo kinene chenye rangi ya kijani ukingoni kinameza zaidi kwa ajili ya chuma kilichomo. Milimita 4 hadi 6 hutosha kwa fremu za kawaida. Ama filamu, uso wenye wino ugusane na emulsheni bila kitu baina yao, na juu ya fremu pawekwe sponji na bamba zito la kuikandamiza, au kipochi cha ombwe kwa mwenye uwezo. Pengo likiondoka, hata miali ya mshazari hukosa mahali pa kupenya, na hili ndilo tengenezo la bei nafuu kuliko yote niliyoyataja. Wanaotumia karatasi badala ya filamu huipaka mafuta ya kupikia, na wana haki: karatasi ni nyuzi na hewa, nuru hutawanyika kila inapotoka katika moja kuingia katika nyingine, na mafuta huijaza ile nafasi ya hewa kwa kitu kinachokaribiana na nyuzi, hata nuru ipite kwa unyoofu zaidi. Mafuta yaliyobaki yafutwe hadi karatasi iwe kavu mkononi, maana yakigusa emulsheni yatazuia maji wakati wa kusafisha.

Wavu wa skrini wenyewe huchagua. Ule mweupe hutembeza nuru ndani ya nyuzi zake na kuimwaga chini ya kivuli. Ule wa manjano huimeza nuru hiyo inayotangatanga. Wa manjano hudai muda zaidi, na kwa kazi ya herufi ndogo na vidoadoa vya picha nisingeukosa, ingawa kwa mtu anayetazama wingi wa nuru tu utaonekana mpotevu.

Vumbi la miezi mikavu ya Jilaal halina haja ya maneno mengi: kioo kifutwe kila asubuhi, juu na chini. Ila maji yetu, ya visima yenye chumvi na ya mto Tana yenye tope, yakikauka huacha ukungu mweupe ambao jicho huuzoea na emulsheni haiuzoei. Futa mara ya mwisho kwa maji ya betri, yale yaliyotoneshwa, ambayo kila duka la vipuri huyauza.

Ukisha kutengeneza haya, usiamini macho. Pima. Kipande cha filamu chenye ngazi 21 za kiza, kama kile cha Stouffer, huzidisha kiza kwa kadiri ya 1.41 kwa kila ngazi, ikawa ngazi mbili ni sawa na muda kuzidishwa mara mbili. Kwa emulsheni nyingi za skrini hulengwa ngazi ya 7 ibaki imara baada ya kuosha. Ikibaki ya 9, unaangazia mara mbili ya haja, na ikibaki ya 5, nusu yake. Asiye nacho na atumie kadibodi nyeusi: afunike skrini yote isipokuwa ukanda mmoja, aangazie sekunde 10, asogeze kadibodi, aangazie 10 nyingine, hadi kanda sita au saba, kisha aoshe na kutazama ni ukanda gani wa kwanza ambao hauchubuki wala hautelezi kidoleni. Afanye hivyo katikati ya skrini na katika pembe zake nne, kwani katikati peke yake hudanganya. Kila badiliko alilofanya, la alumini, la feni, la kioo, aliandike pamoja na muda mpya, na joto la chumba pembeni yake.

Kwa wanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Garissa, na kwa mafundi wanaotengeneza bodi za saketi za vidhibiti vya pampu za jua, machache ya ziada. Tabaka la buluu la bodi za saketi hukubali 365 hadi 405, na sanduku lile lile la skrini huliangazia vizuri likiwa na miali myembamba. Fotoresisti za kawaida zilizoandaliwa kwa taa ya zebaki huona mistari yake mitatu, 365, 405 na 436, kwa hiyo LED ya 405 huzifaa. Lakini SU-8 hutaka 365, na kwa 405 karibu haioni kitu. Palipo na haja ya usawa wa nuru kwenye uso mzima, hutumika sahani ya lenzi ndogo nyingi au bomba la kioo lenye pande nne, ambavyo huichanganya nuru bila kuitanua pembe kupita kiasi. Kioo cha ukungu pia huisawazisha, lakini huitawanya, na nusu ya kazi iliyofanywa na lenzi inapotea hapo.

Macho nayo yalindwe. Miali ya 365 haionekani, kwa hiyo jicho halifumbi wala mboni haijikunji, na madhara yake hukusanyika pole pole katika lenzi ya jicho. Sanduku liwe na swichi inayozima taa mfuniko ukifunguliwa, na miwani ya kuzuia urujuanimno iwe ukutani karibu nalo, si katika droo.

Limebaki ombi moja, nalo nalielekeza kwa North Eastern National Polytechnic iliyopo hapa mjini, na kwa vyama vya mafundi popote vilipo. Kipima-nuru cha urujuanimno ni ghali kwa duka moja, na si ghali kwa chuo kinachoweza kukiazimisha maduka yote kwa zamu, siku moja moja. Kikinunuliwa, kisiwe kile kilichosawazishwa kwa taa ya zebaki, kwa sababu kihisi chake kilipimwa kwenye mstari wa 365 na kwa LED ya 395 kitasoma pungufu sana, mtu akaitupa taa nzima ambayo haina kasoro. Kinunuliwe kilichosawazishwa kwa wimbi la LED, nacho kiwe chembamba kiasi cha kuingia chini ya kioo mahali pa skrini, na daftari lake likae nacho, lenye jina la taa, wimbi, miliwati za katikati na za pembe nne, na tarehe ya kupimwa.